Kioo Kisicho na Jina na Mtamba wa Didia

Didia,
11 Januari 2025

Nelly mwanangu,

Mwangaluka. Sisi huku wazima, mvua imenyesha siku tatu na mahindi yameanza kusimama. Barua hii nampa dereva wa Fuso, yule yule aliyetubeba, kwa sababu simu yako toka juzi inaita tu hupokei, na ya baba yako imezimwa kabisa.

Nimerudi salama na mtamba wetu. Njia nzima nimekaa naye nyuma ya gari, mimi na yeye wote tumefukuzwa siku moja. Nimemfunga kwa kina Edson. Yeye mwenyewe, mkwe wetu mtarajiwa, hajaniuliza kitu, ila mama yake ameniuliza kwa nini amerudishwa.

Nelly, mimi na wewe tulisimama zizini pamoja ile tarehe ishirini na nane. Baba yako hawezi safari kwa ajili ya ule mguu ulioumia kwenye duara la mgodi, akasema Makoye chagua ng'ombe wa mahari, Nelly piga picha niwaone. Ukapiga. Huyu mtamba hana doa wala baka, mwili mzima rangi moja, ndiyo maana nilimpenda. Nilimwambia kaka kwenye simu kwamba wekundu wake umefifia kidogo. Akanijibu picha ameshaiona, mwekundu safi, nimlete.

Nimemleta, anasema siye. Anasema nimebadilisha, nimekula na wakwe kwa kuwa naishi nao kijiji kimoja. Mimi najua nyumbani kwetu kila binti akitoka lazima aingie mtamba mwekundu mmoja wa bibi yake. Limi dada yako ni mwanangu kama wewe. Ningemfanyia hivyo kwa faida gani?

Kikao cha ukoo kimeitwa tarehe kumi na tisa, nami nitakuja. Wewe ndiye uliyekuwepo. Simama useme ulichokiona. Sikuombi kingine.

Wabeja,
Baba yako mdogo, Makoye

*

Rwamgasa,
13 Januari 2025

Mwalimu Shaaban,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama Mwanaidi hamjambo, na masikio hayajazidi. Nakumbuka ulivyonikaripia mwaka jana kwamba kumpigia simu mtu asiyesikia ni kumtukana. Basi naandika, na bahasha hii inakuja na basi la asubuhi.

Ndani kuna kikopo, na kwenye kikopo kuna pamba, na kwenye pamba kuna filta ya lenzi. Niliinunua mwezi wa kumi kwenye kundi la mtandaoni la kuuziana vifaa vya picha vya mtumba, kwa mtu wa Mwanza ambaye sijawahi kumwona. Pete yake haina jina la kampuni wala aina, imebaki namba hamsini na nane tu, nayo imekwanguliwa nusu. Nilipomuuliza muuzaji akaniandikia, "filta nzuri hiyo dada," kisha akatoka kwenye kundi.

Iliingia kwenye lenzi yangu vizuri, sikuivua tena. Huku vumbi la makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu halina mapumziko, nikaona angalau kioo cha mbele kinapona. Wateja wamekuwa wakisifia picha, wanasema sura zina damu. Sasa kamera yenyewe iko kwa fundi Mwanza, vumbi limeingia ndani pamoja na tahadhari yote, kwa hiyo siwezi kujaribu mwenyewe. Nimejaribu kuiweka mbele ya simu, simu inajirekebisha rangi, sioni tofauti.

Nataka tu kujua ni filta ya aina gani, na kama ina kawaida ya kubadili rangi. Si jambo la haraka. Ila nikipata jibu kabla ya tarehe kumi na tisa nitashukuru sana.

Mwanafunzi wako,
Nelly Bujiku

*

Shinyanga mjini,
16 Januari 2025

Nelly,

Marahaba. Hatujambo, isipokuwa masikio, ambayo yameamua kustaafu kabla yangu. Mwanaidi anakusalimu, anasema uolewe.

"Si jambo la haraka, ila kabla ya tarehe kumi na tisa." Haraka ya aina gani hiyo? Haya, sikuulizi. Wewe tangu unafika studio kwangu na lile begi la shule ulikuwa unasema nusu, nusu unaibakiza nyumbani.

Kopo lako limefika jana jioni na mvua inapiga bati, tumejifungia ndani. Nimekitoa kioo nikakiweka juu ya karatasi nyeupe chini ya taa ya tyubu. Hakina rangi ya kusemea, labda ukijani kidogo sana ukikodoa macho. Nimekizungusha mbele ya kikokotoo cha Mwanaidi, maandishi hayakufifia hata mara moja, basi si ile filta ya kuua mng'aro wa maji. Si nyeusi, kwa hiyo si ya kupunguza mwanga. Nimehesabu taa inavyojirudia juu yake, nikaona imepakwa dawa ya kuzuia kuakisi, kazi ya kiwandani, si ya uchochoroni.

Hukumu yangu ni filta ya kinga. Kazi yake kulinda lenzi, basi. Haibadilishi rangi ya kitu chochote. Miaka thelathini na sita nimeshika vioo, unaweza kuandika hilo kwa wino. Aliyekuuzia hakukuibia sana, na kioo nakirudisha pamoja na barua hii.

Wateja wanaosema sura zina damu wanakusifia wewe, pokea sifa unyamaze.

Ni mimi,
Shaaban

*

Rwamgasa,
20 Januari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Najua jana uliondoka umeudhika. Chakula chako mama alikifunika mpaka jioni, akidhani utarudi.

Niliulizwa mbele ya wazee wote, picha hizi ni za kweli au si za kweli. Nikasema za kweli. Singeweza kusema vingine. Nilikuwa nimeuliza kwa mtu anayejua kazi hii kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na barua yake ninayo, anasema vifaa vyangu havibadili rangi. Ulitaka niseme nilichokiona. Mimi nimekulia migodini, ng'ombe kwangu ni ng'ombe. Siku ile zizini nilikuwa nachungulia ndani ya kamera muda wote, na ndani ya kamera mtamba alikuwa mwekundu.

Sikusema wewe umembadilisha. Naomba ulikumbuke hilo. Nilisema labda alibadilishwa usiku kule kwa kina Edson, bila wewe kujua. Wazee wakacheka, lakini mimi nilisema.

Nisamehe kama imekuumiza.

Nelly

*

Didia,
23 Januari 2025

Nelly,

Barua nimeipata.

Unasema alibadilishwa bila mimi kujua. Mimi nimechunga ng'ombe toka sijaota meno ya ukubwani. Ungesema mimi mwizi ningeumia kidogo. Umesema mimi sijui ng'ombe niliyemchagua kwa mikono yangu, na wazee wamecheka.

Kikao kimeamua nisisimame kwenye harusi ya Limi, na harusi yenyewe imesogezwa hadi wakwe walete mtamba mwingine. Kaka ametuma mtu kuniambia, hakuja wala hakupiga. Wakwe nao wanasema ng'ombe wao hawana kasoro, hawaleti. Limi amenipigia analia, nikamwambia amtulize mama yake.

Mimi sitaandika tena.

Makoye

*

Rwamgasa,
26 Januari 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Kioo kinarudi kwako kwenye kopo lile lile. Pamoja nacho kuna picha nne nilizosafisha, na barua mbili za baba yangu mdogo Makoye. Zisome kwanza, kisha urudi hapa.

Umeshasoma. Sasa unajua ile tarehe kumi na tisa ilikuwa ya nini.

Sikukuambia kwa sababu niliona aibu. Ng'ombe walipofika na baba akauliza yuko wapi yule wa kwenye picha, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye begi la kamera. Nilishuku siku ile ile, saa ile ile. Lakini baba alikuwa amezionyesha zile picha kwa majirani wote, anasema binti yangu ndiye macho yangu. Toka mguu ule uumie haendi popote, na kila kitu kinamfikia kwa mkono wangu. Ningesema nini? Kwamba nimeweka mbele ya hayo macho kioo nilichookota mtandaoni nisichokijua?

Nikakuandikia barua ya uongo. Nilitaka uniambie kwamba haibadilishi rangi, na uliponiambia nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza. Kisha nikaenda nikasimama kikaoni nikamuua baba mdogo kwa barua yako.

Ningeweza kwenda Didia na kioo mkononi, nimchungulie yule mtamba, nimalize. Nauli ninayo. Sikwenda, Mwalimu, niliogopa kumwona.

Kuna kitu kimoja nimekigundua juzi kwenye zile picha. Angalia ya pili. Udongo wa zizini ni mwekundu kupita kiasi, mimi nimekanyaga udongo ule, ni wa kijivu uliochanganyika na kahawia. Tofali za nyumba ya kina Edson zinawaka. Lakini mnyaa wa uzioni ni kijani cha kawaida kabisa, na anga ni la kawaida. Ndiyo maana sikushtuka mapema. Kama kioo kina rangi, kwa nini hakikupaka kila kitu?

Naomba ukiangalie tena. Safari hii ni jambo la haraka.

Nelly

*

Shinyanga mjini,
31 Januari 2025

Nelly mwanangu,

Nimezisoma za Makoye mara mbili. Siku nzima ya kwanza sikuweza kukuandikia, nilikuwa nimekukasirikia, halafu nikajikasirikia mimi zaidi.

Ungeniambia kuna mtu ndani ya swali lako, nisingelijibu nikiwa nimekaa kwenye mkeka na kikombe cha chai. Ningengoja jua. Hilo ni kosa langu lakini, si lako. Nimefundisha vijana wangapi kwamba kioo hakihukumiwi chini ya tyubu, na mimi mwenyewe nimekihukumu chini ya tyubu kwa sababu ya uvivu wa kutoka nje na mvua. Nikaongeza na majivuno ya miaka thelathini na sita.

Sikiliza nilichofanya. Juzi jua lilitoka saa nne. Nimekipeleka uani, karatasi ile ile nyeupe. Kivuli chake ni cha zambarau iliyochanganyika na waridi, hakuna ubishi. Nikakirudisha ndani chini ya taa, ile rangi ikatoweka, ukabaki ule ukijani wa mbali. Nikatoka tena, ikarudi. Nimefanya safari hizo mpaka Mwanaidi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikamwambia anyooshe mikono. Ana hina ya harusi ya juzi, imeanza kufifia. Nikaitazama kupitia kioo juani, ikawa imepakwa leo. Nikatazama kanga yake ya kijani, haikubadilika.

Hapo nikaanza kukumbuka kitu. Nikawasha jiko la gesi, nikalowesha mpini wa kijiko, nikauchovya kwenye chumvi nikauingiza motoni. Unajua moto wa chumvi unavyokuwa wa njano kali. Nikachungulia kupitia kioo, ile njano haikuwepo. Imemezwa yote, umebaki mwali wa buluu. Mwanaidi amekasirika kwa ajili ya jiko, lakini na yeye akachungulia mara tatu.

Nikakifunga nikampelekea Sufiani sonara. Alikishika, akakielekeza dirishani, akacheka, akavuta droo akatoa miwani yake ya kuchomelea dhahabu. Vioo vya rangi ile ile. Wao huvaa ili mng'aro wa njano wa moto usiwafiche kazi. Akaniambia wapiga picha nao walikuwa nayo, ya kupigia majani yanayokauka huko kwenye nchi za baridi, ili wekundu uonekane mwingi.

Basi jibu la swali lako ni hili. Kioo chako hakipaki rangi, kinaondoa. Kinakunywa ile njano iliyo katikati, na kitu chenye rangi ya kahawia kikinyimwa njano yake kinabaki na wekundu. Kijani na anga haviguswi sana. Mtamba wa rangi ya mchanga mbele ya kioo hiki, tena jua la alasiri, anakuwa mwekundu. Makoye alisema kweli toka siku ya kwanza, hata kule kusema amefifia kidogo.

Nimeweka kioo chako humu, na barua nyingine, imefungwa, ya baba yako. Nimemweleza kwamba wewe uliniuliza ukiwa na shaka na mimi fundi mzima nikakupotosha. Ni kweli, wala si kukusaidia kuongopa. Mimi ni mtu mzima, niko mbali, lawama zake haziwezi kunifika mpaka huku, na zikifika sizisikii. Mpe, akasirike na mimi. Wewe bado unaishi naye nyumba moja.

Lakini uende haraka.

Shaaban

*

Rwamgasa,
9 Februari 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo, na salamu kwa mama Mwanaidi. Mwambie jiko nitamnunulia.

Barua yako ya baba nakurudishia, haijafunguliwa. Nilikaa nayo mfukoni siku mbili. Jumatano asubuhi baba anakunywa uji, nikamwekea kopo mezani nikamwambia yote. Kioo, muuzaji wa Mwanza, kwamba nilishuku siku ng'ombe walipofika, kwamba nilinyamaza, kwamba kikaoni nilitumia jina lako kujifunikia. Nikamwambia ulikosea lakini mimi ndiye niliyekuficha sababu. Hakuinua macho kwenye uji. Alipomaliza akasema, "Tafuta gari."

Nikamwambia mguu. Akasema hakuniuliza habari za mguu.

Tulifika Didia jana saa tisa, na kila penye shimo barabarani alishika paja. Tulimpitia baba mdogo kwake. Alitoka, akatuona, akamwamkia kaka yake, akapanda gari bila kuuliza tunakwenda wapi. Hakunisalimia. Kwa kina Edson walituletea viti, hatukukaa.

Nilimpa baba kioo mbele ya zizi. Alimtazama mtamba kwa macho matupu, kisha kupitia kioo, kisha kwa macho matupu. Alifanya hivyo muda mrefu sana. Kisha akamnyooshea baba mdogo ili na yeye achungulie.

Baba mdogo hakukipokea. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi ya nini, kaka? Mimi nilimwona toka mwanzo. Nikakuambia kwenye simu, kwa mdomo wangu, kwamba amefifia. Ukaisikiliza picha."

Baba mdogo akanigeukia mimi. "Na wewe ulishuku lini?"

Nikasema, "Siku mlipofika na Fuso."

"Kabla sijakuandikia."

"Kabla, baba."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Ungeniambia mimi tu, Nelly. Hata kama usingewaambia wao." Nililia pale pale, Mwalimu, mbele ya wakwe na watoto wao, na hakuna aliyeninyamazisha. Nadhani ilikuwa haki yao.

Mama yake Edson akasema kwa upole kwamba kama mtamba huyu si mwekundu wa kutosha kwa ajili ya bibi, wako tayari tuchague mwingine, zizi ndilo hili. Wote tukamtazama baba. Nilidhani atalisogelea. Badala yake alizungusha fimbo yake ya kutembelea, akalipa zizi mgongo, akasimama anatazama barabara tuliyotoka.

Akasema, "Makoye, nichagulie."

Baba mdogo alifungua lango la zizi. Kisha akaingia. Sisi tuliobaki tulikuwa tunaona kila kitu. Alipita katikati ya ng'ombe taratibu, anawagusa migongo, huyu, na yule, mmoja mwekundu, bado mdogo, alimshika mpaka mdomo akamtazama meno. Akamwacha. Akaenda mpaka kwenye kona, akamfungua yule yule wetu wa rangi ya mchanga, akaja naye.

Edson alitaka kusema kitu, nikamshika mkono.

Baba mdogo akasimama nyuma ya mgongo wa baba na kamba mkononi. Akasema, "Huyu hapa, kaka."

Baba akapeleka mkono nyuma, akaishika kamba kabla hajageuka.

Mwanafunzi wako,
Nelly